Ukifa, Tutabaki na Nini? Swali Ambalo Leseni za Lugha Ndogo za Programu Hulikwepa

Ilikuwa kompyuta ya kijivu iliyosukumwa chini ya meza kwenye chumba cha seva, na juu yake imebandikwa karatasi: USIZIME. Niliitwa kubadilisha kiwango kimoja ndani ya programu iliyokuwa ikiendeshwa na mashine hiyo. Kazi ya dakika tano. Msimbo wote, yaani maelekezo yanayoiunda programu, ulikuwepo, umeandikwa kwa unadhifu na kuwekewa maelezo kila baada ya mistari michache. Nikautafuta mstari wenyewe, nikaupata, nikabadilisha tarakimu mbili, nikaiagiza kompaila, programu inayougeuza msimbo kuwa kitu ambacho mashine inaweza kukiendesha, ifanye kazi yake. Kompaila ikakataa. Leseni yake ilikuwa imefungwa kwenye namba ya kadi ya mtandao ya mashine nyingine, ambayo ilikwisha kufa zamani, na ufunguo mpya ulitakiwa uombwe kwa kampuni iliyoitengeneza lugha ile. Tukaandika barua pepe. Tukaandika tena. Tukapiga simu, ikaita mpaka ikakatika.

Mwisho wa yote programu nzima iliandikwa upya kwa lugha nyingine, kazi iliyotuchukua miezi minne kwa ajili ya tarakimu mbili. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba lugha ile ilikuwa nzuri. Kuna mambo ilikuwa ikiyasema kwa mstari mmoja ambayo sisi tulihitaji kurasa mbili kuyaeleza upya. Haikuuawa na ubovu wake. Iliuawa na karatasi ya leseni.

Tangu hapo, kila ninapoletewa lugha mpya yenye watumiaji wachache, huwa naanza na leseni kabla ya kugusa mfano wowote wa msimbo. Natafuta jibu la swali moja: ninyi mnaoimiliki mkifa, sisi tutabaki na nini? Nimefikia kuamini kwamba mustakabali wa kibiashara wa lugha ndogo huamuliwa hapo, mapema kuliko kwenye bei, kasi au uzuri wa sintaksia, yaani namna maneno ya lugha yanavyopangwa. Wamiliki wengi huiandika leseni kama lango la kukusanyia ada. Mnunuzi huisoma kama wosia.

Tuelewane kwanza kuhusu kinachouzwa. Lugha yenyewe, yaani maneno yake na kanuni za kuyapanga, ni kitu kisichoshikika kirahisi mbele ya sheria. Tarehe 2 Mei 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya SAS Institute dhidi ya World Programming. World Programming walikuwa wametengeneza mfumo unaoendesha programu zilizoandikwa kwa lugha ya SAS, inayotumika kuchambua takwimu, na mahakama haikuona kwamba walikuwa wameuona au kuunakili msimbo chanzo wa SAS. Uamuzi ukawa kwamba utendaji wa programu, lugha ya programu na muundo wa mafaili ya data havilindwi na hakimiliki inayolinda programu za kompyuta. Nchini Marekani mvutano wa Oracle na Google juu ya lugha ya Java ulianza mwaka 2010 ukaisha tarehe 5 Aprili 2021, Mahakama ya Juu ilipoamua kwa kura 6 dhidi ya 2 kwamba kuzinakili kwa Google baadhi ya sehemu za Java kulikuwa matumizi halali. Swali la kama sehemu hizo zina hakimiliki au hazina, mahakama iliamua kutoligusa.

Kwa hiyo kinachopewa leseni ni kompaila, maktaba zake (msimbo ulioandikwa tayari ili wengine wautumie), na jina kama alama ya biashara. Kwa lugha kubwa hilo humpunguzia mmiliki nguvu, kwa kuwa wapo wenye sababu na fedha za kuandika kompaila ya pili. Kwenye lugha ndogo hali hugeuka. Hakuna atakayejisumbua kuandika kompaila ya pili kwa watu mia tano. Mmiliki wa lugha ndogo basi anajikuta na mamlaka makubwa kuliko aliyopewa na sheria, na anayapata kutokana na upweke wake tu. Mteja anaujua upweke huo. Ndiyo maana anasita, hata pale anapoipenda lugha yenyewe kwa dhati.

Mfano unaonigusa kuliko yote ni REBOL. Aliyeitunga ni Carl Sassenrath, mtu aliyeandika Exec, kiini cha mfumo endeshi wa kompyuta za Amiga zilizotoka mwaka 1985. Mwaka 1998 alianzisha kampuni ya kuiuza lugha yake. Ukiiona REBOL kwa karibu unaelewa kwa nini walioipenda waliipenda sana. Tarehe unaiandika kama tarehe, 12-Dec-2012, bila alama za kunukuu na bila kuita maktaba yoyote, na lugha inajua hiyo ni tarehe. Kiasi cha fedha, $12.50, inajua ni fedha. Anwani ya tovuti inajua ni anwani, na ukiandika neno read mbele yake, ukurasa unakuja. Haya yote yalikaa ndani ya faili moja isiyofika megabaiti moja, isiyohitaji kusanikishwa. Douglas Crockford, aliyeitangaza JSON, muundo wa kubadilishana data kati ya programu, ameitaja REBOL miongoni mwa vitu vilivyompa mawazo. Kwa maneno mengine, sehemu ya fikra za lugha hii inapita kwenye karibu kila programu ya mtandao unayoitumia leo.

Lakini leseni ilikuwaje? Toleo la msingi lilitolewa bila malipo, ila msimbo chanzo ulifungwa. Ukitaka kuifunga programu yako iwe faili moja inayojitegemea, au kupata uwezo fulani wa kikampuni, unalipia toleo jingine. Kwa mtu anayeuza programu za kawaida mpango huo una mantiki. Tatizo ni kwamba lugha si programu ya kawaida. Programu ya kawaida ukiiacha unapoteza chombo. Lugha ukiiacha unapoteza kila ulichokiandika kwa lugha hiyo. Wakati huohuo Perl ilikuwapo tangu 1987, Python tangu 1991, Ruby tangu 1995, zote huru, zote na msimbo wazi, na hakuna hata moja iliyomwambia mtu aamini afya ya kampuni moja ndogo ndipo aweke kazi yake ya miaka kumi mikononi mwake.

Sassenrath aliufungua msimbo wa REBOL 3 tarehe 12 Desemba 2012, kwa leseni huria ya Apache 2.0, inayomruhusu yeyote kuutumia na kuusambaza msimbo. Nakumbuka furaha ya watu waliokuwa wakilisubiri jambo hilo kwa miaka. Ila kufikia hapo maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Mwaka 2011 Nenad Rakocevic alikuwa ameshatangaza Red, lugha inayofuata nyayo za REBOL kwa leseni ya BSD, nayo huria, kwa hiyo hata waliobaki na mapenzi walikuwa wameanza kugawanyika. Lugha ilifunguliwa ikiwa imebaki na mashabiki, haina jumuiya. Mashabiki huja kusikiliza. Jumuiya huja na viraka vya hitilafu, maktaba, na watu wa kujibu maswali usiku.

Kuna watakaosema nalaumu leseni kwa kosa la soko: labda REBOL isingepata watu hata ingekuwa huria tangu siku ya kwanza. Inawezekana. Ndiyo maana mfano wa Erlang una thamani kubwa, kwa sababu hapo tuna lugha ileile, watu walewale, na kitu kimoja tu kilichobadilika.

Erlang ilizaliwa ndani ya Ericsson mwaka 1986, mikononi mwa Joe Armstrong, Robert Virding na Mike Williams, kwa ajili ya mitambo ya simu ambayo haipaswi kuzimika hata wakati inabadilishiwa programu. Ilikuwa imejithibitisha: swichi ya AXD301 iliyotangazwa mwaka 1998 ilikuwa na zaidi ya mistari milioni moja ya Erlang. Mwaka huohuo, mwezi Februari, kitengo cha Ericsson Radio Systems kikapiga marufuku matumizi yake kwa bidhaa mpya. Hoja yao ukiitafakari ilikuwa swali langu lilelile: kampuni inayotegemea lugha yake yenyewe, isiyotumika kwingine, inabeba peke yake mzigo wa kuitunza na kufundisha watu. Yaani hata mmiliki mwenyewe aliogopa upweke wa lugha yake!

Desemba 1998 Erlang ikafunguliwa kwa umma. Sehemu kubwa ya watu walioijenga wakaondoka kuanzisha kampuni ya Bluetail, ambayo haikufikisha hata miaka miwili kabla ya kununuliwa na Alteon WebSystems. Baadaye Ericsson wakairudia lugha hiyo, na Armstrong mwenyewe akaajiriwa tena mwaka 2004. Mwaka 2014 Facebook walipotangaza kuinunua WhatsApp kwa dola bilioni 19, dunia ilishangaa jinsi wahandisi wachache walivyohudumia mamia ya mamilioni ya watu, na seva zao zilikuwa zikiendeshwa kwa Erlang. Juu ya mashine hiyohiyo ya Erlang, José Valim amejenga lugha nyingine, Elixir. Kila mara nikiusoma mwaka ule wa 1998 naona kitu kilekile: lugha iliyofukuzwa nyumbani ilipata biashara kubwa kuliko iliyokuwa nayo ilipofungiwa ndani, na kilichofanya iwezekane ni leseni iliyowaruhusu waliofukuzwa nayo waondoke wakiwa wameibeba.

Kwa lugha ya D mambo yalikwenda taratibu zaidi, na kosa lilikuwa dogo mno kiasi cha kutoonekana. Walter Bright alianza kuijenga mwaka 1999, toleo la 1.0 likatoka Januari 2007. Msimbo wa sehemu ya mbele ya kompaila, ile inayoisoma na kuielewa lugha, ulikuwa huria. Sehemu ya nyuma, inayozalisha msimbo wa mashine, ilitokana na kompaila za zamani za Bright ambazo haki zake ziliishia mikononi mwa Symantec. Ungeweza kuusoma msimbo huo. Ungeweza kuushusha kutoka kwa Bright mwenyewe. Usingeweza kuusambaza. Matokeo yake, wasambazaji wa Linux hawakuweza kuiweka kompaila rasmi kwenye hazina zao, na mtu aliyetaka kuijaribu D kwa amri moja hakuikuta. Kompaila nyingine za D, GDC na LDC, zilikuwapo na zilikuwa huru, lakini zilikuwa zikilifuata toleo rasmi kwa nyuma.

Symantec walitoa ruhusa mwaka 2017, na mwezi Aprili sehemu ya nyuma ikahamia leseni huria ya Boost. Kati ya 2007 na 2017, lugha ya Go ilitangazwa (2009) na lugha ya Rust ikafika toleo la 1.0 (2015), zote mbili wazi tangu mwanzo. Sisemi D ilishindwa kwa sababu ya leseni peke yake. Wanajumuiya wake walipoteza miaka wakivutana kuhusu maktaba mbili za msingi, Phobos na Tango, na wengi wa waliotoka lugha ya C++ hawakutaka kusikia habari za ukusanyaji takataka, yaani lugha kuisafisha yenyewe kumbukumbu ya kompyuta. Wapo waliofanikiwa nayo: Sociomantic Labs wa Berlin walijenga biashara ya matangazo kwa D mpaka wakanunuliwa na dunnhumby mwaka 2014. Lakini muongo ambao lugha za aina hiyo zilikuwa zikitafutwa ndio muongo ambao D haikuweza kusambazwa na mtu mwingine, kwa sababu ya sentensi chache zilizoandikwa kwa ajili ya bidhaa nyingine kabisa.

Sasa nije kwa ushahidi unaonipinga, kwa kuwa upo na ni mzito.

Arthur Whitney alianzisha Kx Systems mwaka 1993 kuuza K, lugha yake inayotokana na ukoo wa lugha ya APL ya Kenneth Iverson. Kutoka hapo ikaja hifadhidata ya kdb mwaka 1998, kisha kdb+ na lugha ya q mwaka 2003. Msimbo umefungwa, bei ni ya juu, watumiaji ni wachache, na biashara imedumu kwa zaidi ya miaka thelathini. Benki kubwa na mifuko ya uwekezaji zimeitumia kuhifadhi na kuchambua bei za masoko kila sekunde. Tazama mstari huu wa q:

select avg price by sym from trade

Ni wastani wa bei kwa kila hisa, kutoka jedwali lenye mamilioni au mabilioni ya safu. Mtu anayeijua SQL, lugha ya kawaida ya kuulizia hifadhidata, anaisoma bila kufundishwa. Programu nzima inayoutekeleza mstari huo ni ndogo mno, na inaukimbiza kwa kasi ambayo ndiyo iliyoipa Kx jina lake.

Kwa nini basi Kx walifaulu pale REBOL ilipokwama? Naona sababu mbili zinazoshikana. Kwanza, mteja wa kdb+ hanunui lugha. Ananunua hifadhidata, na lugha inakuja nayo kama mpini unavyokuja na jembe. Faida anaihesabu kwa kasi ya kupata majibu. Pili, na hapa ndipo naona hoja yangu inasimama badala ya kuanguka, benki kubwa haisaini leseni iliyochapishwa kwenye tovuti. Ina mawakili. Inaweza kudai msimbo uwekwe amana kwa mtu wa tatu, inaweza kudai haki ya kuendelea kutumia, inaweza kudai muda wa notisi. Wosia upo, ila umeandikwa faraghani, mkataba kwa mkataba. Mtu mmoja mwenye kampuni ya watu wanne hana uwezo wa kudai hayo. Kwake, leseni iliyochapishwa ndiyo yote anayoipata.

Kwa hiyo anayetaka kuuza lugha iliyofungwa ajiulize kwa unyofu kama wateja wake ni benki. Wengi hawana wateja wa namna hiyo, ila wananakili bei na masharti ya walio nao. Na hata Kx, siku hizi wanatoa PyKX, daraja la kuingilia kdb+ kwa kutumia Python, kwa sababu kumpata mtu anayeijua q ni kazi ngumu na ghali. Mlango ukifungwa kwa nje, hata walimu hawaingii.

Upo pia ushahidi wa upande wa pili, wa lugha iliyofunguliwa na isiokoke. LiveCode, ya kampuni ya Edinburgh, ni mjukuu wa fikra za HyperCard, programu ya zamani ya Apple, lugha inayosomeka karibu kama Kiingereza cha kawaida. Mwaka 2013 walichangisha zaidi ya pauni 490,000 kwenye Kickstarter ili waiandike upya na kuifungua. Ikawa na leseni mbili: GPL toleo la 3 kwa asiyelipa, na leseni ya biashara kwa anayelipa. Agosti 2021 kampuni ikasitisha toleo la bure.

Nimeifikiria sana habari hii. Kosa nadhani halikuwa kufungua. GPL kwenye chombo cha namna hii inamaanisha kwamba programu yoyote utakayoitengeneza kwa toleo la bure na kuisambaza, nayo lazima iwe GPL. Mwalimu na mwanafunzi hawana neno na hilo. Mtu anayetaka kuuza programu ndogo kwenye simu analazimika kulipa kabla hajapata senti ya kwanza, au kuondoka, na waliokuwa wakiweza kuja kuwa wateja wa kesho ndio hao. Lugha ikapata watumiaji wa bure wasio na sababu ya kulipa, na ikawafukuza waliokuwa karibu kuwa nayo. Hata hivyo wosia ulifanya kazi yake: toleo lililokwisha kutolewa kwa GPL halikuweza kunyang'anywa, na watu waliendelea nalo. Kwamba warithi walikuwa wachache ni jambo jingine, na hakuna leseni inayoweza kumzaa mrithi.

Hapa kuna suala la kiufundi linalopuuzwa mno. Kompaila inaweza kuwa GPL bila kumwathiri mteja hata kidogo. Kinachomgusa ni maktaba ya utekelezaji, ule msimbo unaoingizwa ndani ya programu yake na kusafiri nayo mpaka kwa wateja wake. Ndiyo sababu GCC, kompaila huria yenye leseni ya GPL, ina kipengele maalumu cha kuiachia huru maktaba hiyo. AdaCore, iliyoanzishwa mwaka 1994 kuhudumia lugha ya Ada, kwa miaka mingi ilitumia tofauti hiyo kama kisu: toleo la umma la GNAT, kompaila yake ya Ada, lilikuja bila kipengele hicho, na waliolipa usajili walikipata pamoja na msaada wa wahandisi. Ilikuwa halali na ilikuwa biashara. Lakini iliwaacha wapenzi wengi wa Ada na hofu ya kugusa chombo kilekile kilichotakiwa kuwavuta, na baadaye AdaCore wenyewe waliacha kutoa toleo hilo, baada ya lile la mwaka 2021. Anayeandaa lugha leo akichanganya leseni ya kompaila na leseni ya maktaba ya utekelezaji, atakuwa amefunga duka kabla ya kulifungua.

Fedha hupatikana wapi, kama si kwenye lugha? JetBrains walifungua msimbo wa lugha yao ya Kotlin mwaka 2012 kwa Apache 2.0 na wakaendelea kuuza zana za kuandikia msimbo, biashara waliyokuwa nayo tangu awali. Google walipoikubali Kotlin kwa Android mwaka 2017, zana hizo zilikuwa tayari mezani. Rich Hickey aliitoa lugha yake ya Clojure bure, na Datomic, hifadhidata iliyojengwa na timu yake, ndiyo iliyouzwa, mpaka Nubank ya Brazil, iliyokuwa imejenga benki yake juu ya vyote viwili, ikainunua Cognitect, kampuni ya Hickey na timu yake, mwaka 2020. Mteja alimnunua mtengenezaji ili lugha isife. Sijui ushahidi ulio wazi zaidi kwamba hofu ya kufiwa ndiyo inayotawala mawazo ya mnunuzi.

Siku hizi kuna njia ya kati inayopendwa, leseni ya BSL (Business Source License): msimbo unaonekana, ila matumizi ya kibiashara yana mipaka. Akka, maktaba maarufu ya watu wa lugha ya Scala, ilihamia huko mwaka 2022. Terraform ya HashiCorp, yenye lugha yake ya kueleza miundombinu, ikafuata Agosti 2023. Kote kuwili jumuiya ilichukua toleo la mwisho la huria na kwenda nalo, wakazaliwa Pekko na OpenTofu. BSL ina sifa moja ninayoiheshimu: kila toleo lina tarehe, isiyozidi miaka minne, ambayo baada yake linageuka huria. Huo ni wosia wenye tarehe. Kwa lugha mpya inayoanza hivyo na kusema hivyo tangu siku ya kwanza, naweza kukaa mezani nikazungumza. Kilichowaumiza watu wa Akka na Terraform ni kubadilishiwa masharti wakiwa wamekwisha kujenga.

Nataka wamiliki wa lugha ndogo wausome mkataba mmoja ambao hauhusu lugha moja kwa moja. Mwaka 1998 kampuni ya Trolltech ya Norway ilikuwa na Qt, maktaba ya kutengenezea madirisha na vitufe, na KDE, mradi huria wa sura ya eneokazi la Linux, ulikuwa umejenga kila kitu juu yake. Watu wa KDE waliogopa, kwa haki. Wakakubaliana kuunda taasisi ndogo, KDE Free Qt Foundation, na kuiandikia haki hii: toleo huria la Qt lisipotolewa ndani ya miezi 12, taasisi inaruhusiwa kuitoa Qt kwa leseni ya aina ya BSD. Trolltech waliendelea kuuza leseni za biashara kama kawaida. Nokia wakawanunua mwaka 2008. Digia wakachukua kutoka kwa Nokia mwaka 2012, kisha ikaja The Qt Company. Jina la Trolltech halipo tena sokoni. Makubaliano yale, yaliyofanyiwa marekebisho njiani, bado yana nguvu, na Qt bado inauzwa.

Biashara haikupungukiwa kitu kwa kuahidi hivyo. Trolltech walitoa kitu ambacho wasingekihitaji wakiwa hai, na kwa kukitoa walipata watu waliothubutu kujenga juu ya bidhaa yao. Mojo, lugha ya kampuni ya Modular iliyotangazwa mwaka 2023 na Chris Lattner, ilifungua maktaba yake ya msingi mwaka 2024 huku kampuni ikitangaza nia ya kuifungua kompaila pia. Nia ni kitu chema. Ningependa zaidi kuona nia za namna hiyo zikiwa na tarehe, na mtu wa tatu wa kuzisimamia.

Hivi karibuni mtengenezaji mmoja wa lugha mpya alinipa rasimu ya leseni yake niisome. Kurasa kumi na moja. Tisa zilihusu malipo, mipaka ya matumizi na adhabu. Hakuna mstari hata mmoja uliosema kitakachotokea kampuni ikifungwa, ikinunuliwa, au yeye mwenyewe akichoka. Tukakaa pamoja tukaandika aya moja: msimbo wote wa kompaila na maktaba uwekwe kwa mwaminifu wa nje kila toleo jipya linapotoka, seva ya funguo isipojibu kwa siku 30 kompaila iendelee kufanya kazi bila ufunguo, na kusipotoka toleo kwa muda fulani kila kitu kiwe Apache 2.0. Seva ya funguo niliisisitiza mimi. Yeye alikuwa na swali kuhusu ule muda fulani, kama uwe miezi 12 au 24, na alikuwa bado anapiga hesabu ya akiba ya kampuni yake nilipoondoka.